Lake Fork: krapi mdogo wa Januari, kwa nini hatakiwi kurudishwa majini?

Nyakato_Garland
Wakuu habari za wikendi. Mimi kwenye uvuvi wa ndoano bado mgeni, Mwanza nimekulia kwenye nyavu na taa za dagaa, fimbo yenye mashine ya kukunja mshipi nimeishika huku Texas. Jumamosi shemeji kanichukua Lake Fork, baridi vidole vimekufa ganzi, tukasimamisha boti juu ya miti iliyozama kina kama futi 40 hivi na krapi (crappie, samaki wa maziwa ya huku Amerika) wanakula kweli kweli. Wa kwanza nikamlaza kwenye rula iliyobandikwa pembeni ya boti, inchi 8, nikajua huyu hajafika 10 za sheria ya Texas nikamrudisha taratibu kwa adabu zote. Hakuzama! Kalala ubavu anapigapiga mkia juu ya maji, wa pili hivyohivyo, wa tatu hivyohivyo. Mzee mmoja wa boti ya jirani akapaza sauti kwamba navunja sheria, eti msimu huu kila krapi akitoka majini ni wako, awe kidole awe mkono. Nikabaki mdomo wazi maana kwetu ukikutwa na sato chini ya sentimita 25 ni kesi, na inchi 10 za Texas ukizibadilisha ni hizohizo 25 na pointi kidogo. Sasa iweje miezi mingine mdogo ni haramu halafu sasa hivi ni lazima? Na wifi yangu yuko Minnesota anasema kwao mwisho krapi 10 kwa siku, sisi huku 25. Hapa nani anakosea?

BabaNeema_DFW
Pole dada, mzee kakuambia kweli. Lake Fork na Lake O' the Pines kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari hakuna kipimo cha inchi, unabeba kila krapi uliyemvua, wakifika 25 unakunja fimbo unaondoka au unatafuta samaki wa aina nyingine. Hakuna kuchagua. Sababu ndo hiyo uliyoiona kwa macho yako. Wakati wa baridi krapi wanashuka chini sana, na samaki huyu ana kibofu cha hewa tumboni ambacho hawezi kukitoa hewa harakaharaka, ukimvuta kutoka futi 40 hewa inatanuka, jicho linatoka nje, tumbo linajaa kama puto, wakati mwingine mfuko wa chakula unachungulia mdomoni. Ukimwachia anaelea, ndege anamchukua. Watu walikuwa wanarudisha wadogo hamsini ili wapate wakubwa 25, kwenye karatasi sheria imefuatwa ila ziwani wamekufa 75. Kwahiyo wakaona bora huyo mdogo aliwe na mtu. Kuanzia Machi wanapanda kwenye maji mafupi kutaga, hapo ukimrudisha anaishi, na inchi 10 inarudi.

kamau_st_cloud
Sasa nijibu ya Minnesota coz niko huku mwaka wa kumi na moja na nimeshika ice fishing, kuvua kwa shimo kwenye barafu, kama dini. Wifi yako yuko sawa, krapi ni 10 na sunfish, hao blugili na jamaa zao, ni 20. Kabla ya 2003 ilikuwa 15 na 30. Lakini wacha nikuambie ukweli, hiyo kupunguza kutoka 30 mpaka 20 haikubadilisha mambo sana, juu watu wengi siku nyingi hawafikishi hata 10. Unaweka limit ya 20 kwa mtu anayeenda nyumbani na 6, umemzuia nini? Ndo maana siku hizi kuna maziwa wameyawekea sheria yao, unabeba 5 tu ama 10 tu. Hapo ndo unaanza kuona tofauti, kwa sababu sasa hata mimi inanigusa. Majirani Wisconsin nao 2016 wakaanza kujaribu kwa maziwa tisini na kitu, sheria tatu tofauti, moja yao ilisema Mei na Juni usibebe zaidi ya 15 kwa jumla na wasizidi 5 wa aina moja.

Unauliza kwa nini Mei na Juni? Enda ufuo wa ziwa wakati huo uvae miwani ya jua, utaona viota vya blugili chini ya maji, duara duara zimekaribiana kama sahani za harusi mezani. Katikati ya kila duara kuna dume moja kubwa la kifua cha rangi ya chungwa, analinda mayai, anayapepea na mkia, hali vizuri siku kadhaa na anashambulia chochote kinachokaribia. Ukiangusha ndoano hapo haitaki ufundi, anaibeba akidhani anafukuza adui. So mtu anakuja na ndoo anaokota madume makubwa yote ya hiyo koloni kwa asubuhi moja, tena kwa halali, bila kuvunja limit.

Na hasara si mayai peke yake, ambayo yakikosa mlinzi yanaliwa. Kumbe madume makubwa yakiwepo, yale madogo yanasubiri, yanaendelea kukua yapate mwili wa kushindania kiota. Makubwa yakiisha madogo yanaona ah, nafasi iko, yanaanza kuzaa yakiwa na inchi tano na chakula kinaenda kwa mbegu za uzazi badala ya kukuza mwili. Watafiti wa Illinois waliangalia hii kitu na wakaona hivyo hivyo. Juu ya hiyo kuna madume wezi ambao hawajengi kiota kabisa, wanajificha kwa nyasi, jike akija wanachomoka, wanamwaga mbegu wanatoroka, na wengine wanajifanya majike kabisa kwa rangi na mwendo 😂. Huku kwa baridi blugili wa inchi 9 anaweza kuwa na miaka kumi, manze ukimtoa huyo usitarajie mwingine mwakani.

fundi_bwawa
Niko Morogoro nafuga sato, huko kwenu sijafika, ila nasoma hapa nacheka maana mnaongelea bwawa langu la kwanza. Nilikuwa na huruma, nikiona mdogo namrudisha, mkubwa ndo namla. Baada ya mwaka na nusu nikavuta wavu, samaki mamia na mamia, wote saizi ya kiganja cha mtoto, kichwa kikubwa mwili mwembamba, na majike yana mayai mdomoni. Wamedumaa. Chakula kile kile, midomo imeongezeka. Bwawa kama hilo ukiliwekea sheria ya kurudisha wadogo unalimaliza, dawa ni kuvuna wadogo kwa wingi na kuingiza kambale awapunguze vifaranga. Sasa hivi napanda madume matupu, wasizaliane.

Nyakato_Garland
Asanteni ila sasa mmenichanganya zaidi. Fundi anasema toa wadogo, Kamau anasema rudisha wakubwa, Texas wanasema rudisha wadogo isipokuwa baridi. Mbona kila mtu na lake?

BabaNeema_DFW
Ndo penyewe dada, kila ziwa na lake. Inchi ya chini, yaani urefu ambao chini yake unamrudisha, inafanya kazi kama samaki anakua haraka na hafi ovyo. Chukulia krapi anayefika inchi 10 kwenye mwaka wa pili au wa tatu, ukimwachia akiwa na 8 utamkuta baadaye kanenepa. Lakini kama ziwa ni masikini, krapi wana inchi 8 na miaka mitano, wengi watakufa kwa uzee au njaa kabla hawajaigusa hiyo 10, sasa unamtunzia nani? Ndo maana humuhumu Texas ukienda Toledo Bend mpakani na Louisiana krapi hana inchi ya chini. Nenda mabwawa ya Mississippi kama Grenada na Sardis, kule ni inchi 12 kwa sababu krapi wanakua kama nguruwe, ni kule kule Mississippi, bwawa la Enid, ndo alivuliwa krapi mweupe wa rekodi ya dunia mwaka 1957, pauni 5 na aunsi 3.

Kingine krapi si mtu wa kuaminika kwenye kuzaa. Mwaka mmoja maji yanapanda masika yanafunika majani, vifaranga wanapona kwa maelfu, halafu miaka miwili mitatu mbele hakuna kitu. Ile rika moja ndo inalisha ziwa zima. Watu wanasema sheria imeharibu au sheria imeponya, kumbe ni mvua tu.

kamau_st_cloud
Na blugili hata inchi ya chini haimfai sana, ukisema beba wa inchi 8 kwenda juu umeambia watu wabebe yale madume mazazi pekee. Mimi kwa ziwa langu nabeba wa inchi sita saba, ndo saizi ya kikaangio, wa 9 nampiga picha anaenda nyumbani kwake. Marafiki wananiona mwendawazimu, mmoja mpaka leo hanialiki kwa boti.

Nyakato_Garland
Hahaha basi nimeelewa. Kwahiyo wikendi ijayo tukikuta wote wadogo tunahama, hakuna kukaa palepale tunawatoa macho. Shemeji kasema kuna miti kwenye maji mafupi kidogo upande wa daraja, ila sheria ni ileile mpaka Februari iishe, tutabeba. Sasa swali la mwisho, wale wa inchi 8 mnawapikaje? Niliwabeba watano wa mwisho nikawakaanga na ndimu na chumvi kama sato, miba kibao, mtoto kakataa.

mama_Furaha_Iowa
Mama usimkaange mzima huyo. Kisu chembamba, mpasue ubavu moja moja utoe nyama bila mifupa, mbavu unaacha. Upake unga wa mahindi na pilipili kidogo, mafuta yawe moto sana, dakika mbili tu. Vichwa na mifupa sie tunachemsha supu na nyanya, ya ugali. Wa kwangu wanamaliza wote kabla baba yao hajarudi kazini.