Naombeni ushauri, nawapeleka wazazi Grand Canyon mwezi wa saba

Wakuu habari zenu, niko Phoenix, Arizona huku Marekani, na wazazi wanakuja toka Moro, nataka niwapeleke Grand Canyon (lile korongo kubwa la hifadhi ya taifa) kwa gari, ni kama masaa matatu na nusu hivi kupitia Flagstaff. Sasa mzee kaona picha za njia ya Bright Angel anasema lazima ashuke mpaka mtoni, na goti lenyewe bovu, nikimwambia kule chini joto linapita 40 na kushuka ni rahisi ila kupanda ndo shughuli ananijibu yeye kakulia Uluguru 😂. Mama yeye hana neno, anataka kivuli tu. Waliowahi kwenda na wazee, kulala ndani ya hifadhi au Tusayan (kamji kalipo nje tu ya geti) kipi nafuu? Na mzee nimzuieje jamani bila kumkosea adabu?