Kukadiria methani ya mbuzi na kondoo wa wafugaji wadogo

Swali: Salaam, wataalamu. Naandaa makadirio ya methani (gesi inayoongeza joto duniani, wanayoitoa wanyama wanaocheua) ya mbuzi na kondoo wa wafugaji wadogo wilayani Kongwa, Dodoma. Je, inatosha kuzidisha idadi yao kwa kilo 5 kwa kila mnyama kwa mwaka?

Jibu: Kiwango hicho cha IPCC (jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi) ni cha kuanzia tu, ndugu yangu, kwani hata malisho yakiboreshwa hakibadiliki. Pima uzito ili ukadirie chakula wanachokula; mizani ikikosekana, kadiria uzito kwa kuzungusha utepe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele.

Jibu: Naongezea kwamba mwongozo wa IPCC wa 2019 huchukulia asilimia 5.5 ya nishati ya chakula cha mbuzi hugeuka methani, na 6.7 kwa kondoo. Wanambuzi wanaouzwa mapema wahesabiwe kwa siku walizoishi zikigawanywa kwa 365, la sivyo jumla itavimba.

Muuliza swali: Ahsanteni. Utepe ninao.