Binti wa miaka 4 ana mashoto, nimwache au nimbadilishe?

Wakuu, naombeni ushauri. Binti yangu kalamu, mswaki, mpira, vyote anashika kwa kushoto. Bibi yake akimkuta anachora, anaihamishia kalamu mkono wa kulia. Mtoto anaburuza mistari miwili mitatu, anaiacha karatasi na kuondoka. Sasa mwalimu wake naye kaniambia watoto wa mashoto huchelewa kusoma, tumbadilishe mapema. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Akili yake itaathirika kweli?

MwalimuAwali: Dada, mwache. Karibu mtu 1 kati ya 10 duniani ana mashoto, na si tabia mbaya. Kwa watoto wengi mkono hujulikana kati ya miaka 2 na 4, na wako ameshauchagua. Ukimlazimisha, badala ya kuwaza anachora nini anahangaika na kalamu, halafu anaonekana mzito. Mweleze bibi kwa heshima, atakuelewa.

BabaPacha: Wanangu ni pacha wa kufanana, mmoja wa kulia, mwingine wa kushoto. Kusoma walianza pamoja. Ila si wanasema wa mashoto ndio wenye akili zaidi?

NesiWatoto: Hapana kaka, hilo nalo tusilikuze. Mkono haupimi akili, si kwa kupunguza wala kwa kuongeza. Hata lugha, ambayo kwa karibu watu wote wa kulia hushughulikiwa na upande wa kushoto wa ubongo, kwa wa mashoto ni hivyo hivyo kwa takriban 7 kati ya 10. Mama, wewe angalia kama anaongea vizuri, anafuatilia hadithi na kucheza na wenzake. Anayenitia wasiwasi mimi ni mtoto ambaye hata mwaka hajafikisha, anafikia kila kitu kwa mkono mmoja huku ule mwingine amekunja ngumi muda wote. Umri ule mikono yote inatakiwa ifanye kazi. Huyo apelekwe kwa daktari mapema, huenda upande mmoja una udhaifu.

Mleta uzi: Asanteni sana, nimepumua. Wangu anatumia mikono yote vizuri. Shida ni mkasi, karatasi inajikunja tu haikatiki. Na akiandika jina lake, herufi nyingine anazigeuza.

MwalimuAwali: Kugeuza herufi umri huo ni kawaida kwa watoto wote, usimgombeze. Mkasi wa kawaida umetengenezewa mkono wa kulia. Akiushika kwa kushoto, makali yanaachana na ubapa wa juu unamziba asione mstari. Mtafutie wa mashoto, ambao makali yamepangwa kinyume. Karatasi ya kuandikia iinamie kulia, kona ya juu ya kushoto ndiyo iwe juu zaidi, na kalamu aishike mbali kidogo na ncha ili aone anachoandika. Akikaa na mwenzake meza moja, yeye awe upande wa kushoto, viwiko visigongane.