Naombeni ushauri: napiga lubugo jukwaani, mwisho umenishinda

Mtoto_wa_Kanyigo: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mcheza dansi, naishi Dar. Tarehe 20 nina onyesho la peke yangu, dakika 25, bila ngoma wala spika. Mdundo wote unatoka kwenye kazi ya lubugo, ile nguo ya gome la mutuba. Nimekulia Kanyigo, Kagera, ila bibi yangu ni Mganda wa Masaka, na kaka yake alikuwa fundi wa lubugo. Likizo ya mwezi wa sita tulishinda bandani kwake. Gome linalazwa juu ya gogo na kupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji. Unaanza na mifereji mipana, unamalizia na myembamba. Mwanzoni mlio ni mzito, tu... tu... tu. Gome likitanuka mlio unakuwa mwepesi, na wapigaji wawili wanapokezana bila kuhesabu. Kucheza kwangu kote kumejengwa hapo. Sasa nimalizie kimya, au nipige mpaka taa zizimwe? Silali.

Fundi Cherehani: Malizia kimya. Nina cherehani ya miguu mwaka wa 19 huu. Nikisimamisha miguu, mteja aliyekuwa anasinzia anaamka. Mke wangu naye akiwa jikoni hujua nimekata uzi.

Mama Wawili: Dakika 25 watu wanakuangalia unapiga gome, halafu kodi unalipa na nini? Tafuta kazi mwanangu, dansi iwe Jumamosi.

Mzukulu: Niko Bukomansimbi, Uganda, kazi hii naijua. Gome hupigwa likiwa bichi. Banda lipo ili lisikauke haraka. Huko Dar utapiga nini?

Mtoto_wa_Kanyigo: Lubugo lililokwisha tengenezwa. Nalilowesha kidogo.

Mzukulu: Umelitoa wapi?

Mtoto_wa_Kanyigo: La bibi.

Mzukulu: Bibi aliliweka la nini?

Mtoto_wa_Kanyigo: Sawa, niseme. Aliliweka sandukuni, la kuzikiwa. Kaka yake ndiye aliyempigia, na ni la mwisho kabla hajafariki. Nililichukua Pasaka. Msinihukumu, litarudi safi. Mabango yameshachapwa. Halafu lina alama za nyundo zake, ukipitisha kidole unaigusa ile mifereji. Nikinunua jingine nitakuwa naigiza.

Mama Wawili: Umechukua sanda ya mtu aliye hai! Yesu wangu.

Kaka Mkuu: Acheni kumtisha. UNESCO waliitangaza kazi hii mwaka 2005, na 2008 ikaingia kwenye orodha ya urithi. Ni mali ya binadamu wote. Piga, kijana.

Mzukulu: Walitangaza ufundi. Sanduku la bibi hawakulifungua.

Kijiwe Na. 4: Wadau, hii ni chai. Gome huchunwa msimu wa mvua. Mwezi wa sita Masaka ni kiangazi. Huyu hajakaa banda lolote.

Fundi Cherehani: Duh. Na mimi nimeshamsimulia mke wangu.

Mtoto_wa_Kanyigo: Desemba pia tulikwenda, nimechanganya likizo. Mti ukishachunwa unafungwa majani ya mgomba ili gome liote tena. Kamba nilikuwa nashika mimi.

Kijiwe Na. 4: Hilo hata mtandaoni lipo.

Mzukulu: Tusibishane. Rekodi sekunde 30 za mapigo, uweke hapa.

Mtoto_wa_Kanyigo: [sauti, 0:34]

Mzukulu: Nimesikiliza mara nne. Kila baada ya pigo lako kuna pengo, refu kuliko inavyotakiwa. Nani alikaa upande wa pili wa gogo?

Mtoto_wa_Kanyigo: Babu, huyo kaka yake bibi. Mkono wake ulikuwa umeshachoka, nilikuwa namsubiri.

Mzukulu: Basi huyu alikaa bandani, Kijiwe. Kijana, mwisho wako ni hilo pengo. Punguza mapigo yako, liache lake wazi, watu walisikie. Lubugo jipya nitakutafutia huku. La bibi lirudishe.

Mtoto_wa_Kanyigo: Picha ya lile la bibi ndiyo iko kwenye bango.

Mama Wawili: Mpigie simu bibi yako leo. Leo!

Mtoto_wa_Kanyigo: Nimempigia. Alikuwa anajua tangu Pasaka. Ameniuliza jambo moja tu: nimelikunja au nimeliviringisha.