Gari la Baba Mkubwa limefunguliwa lote

Idi: Shikamooni wakubwa. [picha] Gari la rimoti la Baba Mkubwa hilo, limebaki chasisi tu

Baba Mkubwa: Marahaba. We Idi, nilikwambia ulifute vumbi, sikukwambia ulichinje

Zuhura: 😂😂😂

Idi: Vumbi lilikuwa mpaka ndani ya difu, Baba Mkubwa. Grisi imekauka, naikwangua kwa kijiti

Mjomba Hamisi: Kafanya la maana, shemeji. Ukiliwasha na mchanga ule ndani unasaga gia zote. Idi, skrubu umeziweka wapi?

Idi: Shikamoo mjomba. Kwenye kopo

Mjomba Hamisi: Marahaba mjomba. Kopo moja? Zote?

Idi: Zote

Mjomba Hamisi: Haya, zimwage uzitenge leo leo. Ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa giaboksi. Na wakati wa kurudisha, skrubu ya kwenye plastiki izungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka uisikie inadumbukia kwenye njia yake ya zamani. Hapo ndipo ukaze. Ukiilazimisha inajichongea njia mpya, tundu linalegea moja kwa moja

Idi: Sawa. Sasa mjomba nimeona mota isiyo na brashi, 3300 KV, inakuja na kidhibiti mwendo chake. Tuanze na hiyo?

Mjomba Hamisi: Hapana

Idi: Lakini mjomba

Mjomba Hamisi: Mota ya mwisho. Mota haiponyi ugonjwa, inauhamisha tu. Leo umeweka nguvu, kesho gia imeng'oka meno, keshokutwa ekseli imepinda. Kwanza gari lizunguke bila kukwama

Baba Mkubwa: Na mota iliyopo ina ubaya gani? Gari hilo ni la zama za Tamiya Hornet na RC10, zote mbili za 1984. Watu walishindana na mota za brashi na betri ya 7.2 V na hatukufa

Zuhura: Hamkufa ila mlisubiri chaji 😅

Baba Mkubwa: Na kabla ya kuwasha rimoti unauliza kwanza uwanja mzima nani yuko kwenye kristali gani, kile kipande kinachochagua mawimbi ya rimoti. Ukiwasha ya mwenzio, gari lake linakwenda kugonga ukuta. Ndiyo raha yenyewe

Mjomba Hamisi: Shemeji, rimoti hiyo naomba tuibadilishe. Za 2.4 GHz zinajitafutia nafasi zenyewe, hakuna kristali. Na unaiwekea kwamba mawimbi yakikatika gari lifunge breki. La zamani likipoteza mawimbi linaendelea kukimbia

Baba Mkubwa: Rimoti sawa. Mota nitafikiria

Mjomba Hamisi: Idi, toa bushi za plastiki kwenye magurudumu na giaboksi, tutaweka beringi. Usiagize kwa jina la gari, pima kwa vernia: tundu la ndani, kipenyo cha nje, upana. Nadhani nyingi ni milimita 5 x 11 x 4, lakini pima kila moja

Idi: Nimepima. Za magurudumu ni 5 x 11 x 4 kweli. Za giaboksi zina ukubwa wake

Mjomba Hamisi: Sasa zungusha gurudumu kwa kidole uone linavyosimama mapema. Ukishaweka beringi urudie. Mwendo ule ni wa bure, hujagusa mota

Shangazi Rehema: Jamani salamu. Kuna mafuta kwenye kitambaa changu cha meza. Ni ya nini?

Idi: Shikamoo shangazi. Ni oili ya shokapu 🙈

Shangazi Rehema: Marahaba. Hiyo meza si gereji

Mjomba Hamisi: Shemeji Rehema, tuvumilie. Idi, tuma video ya shokapu ukiibonyeza

Idi: [video]

Mjomba Hamisi: Umesikia hiyo fyuu-fyuu? Ina hewa ndani. Ikiwa na hewa inapoteza nguvu kila gari likiruka, tairi linadunda badala ya kushika ardhi. Fungua tena. Vuta shafti mpaka pistoni ikae chini kabisa, jaza oili ya silikoni karibu na mdomo. Kisha pandisha na ushushe pistoni polepole, isitoke juu ya oili. Utaona viputo vinapenya kwenye matundu ya pistoni. Isimamishe wima, uiache mpaka viputo viishe vyenyewe. Usiitikise!

Mjomba Hamisi: Ukiwa unafunga kifuniko, pandisha shafti kidogo ili oili iliyozidi imwagike pembeni. (Juu ya gazeti, si juu ya kitambaa cha shangazi yako.) Halafu shika mbili za mbele, zibonyeze pamoja: zikirudi kwa mwendo mmoja, umemaliza

Idi: Chupa moja imeandikwa 30, nyingine 350 cSt. Ipi nzito?

Mjomba Hamisi: Hizo zinakaribiana sana. Ila namba zile fupi kila kampuni ina zake, kwa hiyo ukinunua fuata cSt, kipimo cha uzito wa oili. Tuanze na 350 mbele na nyuma, likiwa gumu nyuma tutapunguza

Zuhura: Nimepiga hesabu ya ile mota. 3300 ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti. Betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli mbili ni 7.4 V, kwa hiyo 24,420. Gia kubwa ina meno 81, giaboksi inapunguza mara 2.4 zaidi, tairi lina kipenyo cha milimita 85. Pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, ya meno 18 inatoa kama 36 km/h, ya 24 inatoa 48

Idi: 24!!!

Zuhura: Hiyo ni kwenye karatasi, bila msuguano wala upepo

Mjomba Hamisi: Na bila joto. Pinioni kubwa inaibebesha mota mzigo, na mota ikichemka ndiyo inakufa. Weka 18. Endesha dakika chache, simama, gusa mota. Ukishindwa kuacha kidole, hata hiyo 18 ni kubwa

Baba Mkubwa: Hiyo 36 inatosha. Mimi si wa kukimbia nalo

Zuhura: Kwa hiyo umekubali mota? 👀

Baba Mkubwa: Nimesema nini tena. Wekeni. Lakini ile ya zamani irudi kwangu nzima, pamoja na kidhibiti chake

Mjomba Hamisi: Hicho kidhibiti hata usingekitaka tungekitoa. Hakijui betri ya lipo imefika wapi, kingeinyonya mpaka ife. Kipya kinakata chenyewe kabla seli haijashuka chini ya 3 V. Idi, menyu yake iweke kwenye lipo, usiache kwenye NiMH, ni aina nyingine ya betri. Na betri isipotumika iache kwenye 3.8 V kwa kila seli. Uichaji ukiwa hapo hapo, si unaiacha unakwenda kulala

Idi: Na soketi ile nyeupe ya zamani?

Mjomba Hamisi: Kata, weka soketi ya XT60. Ile nyeupe ikipitisha umeme mwingi inayeyuka. Ukilehemu upande wa betri, shughulika na waya mmoja tu, ukiumaliza uufunike ndipo uguse wa pili. Zikigusana ni cheche na moshi

Shangazi Rehema: Ganda la gari nani anapaka rangi?

Idi: Mimi, nina dawa ya kupuliza

Shangazi Rehema: Lete kwangu. Hilo ni polikaboneti, linapakwa kwa ndani, kwa hiyo kila kitu kinakwenda kinyume. Michoro na rangi nyeusi kwanza, nyekundu baadaye, mwisho kabisa nyeupe nyuma ya nyekundu ili ing'ae. Na ulioshe kwa sabuni, kidole chenye mafuta kinaonekana milele. Safari hii mafuta yana mwenyewe

Baba Mkubwa: Rehema, namba yake ya zamani iandike pale pale, 7

Shangazi Rehema: Sawa kaka

Idi: Mjomba nimefunga pinioni, lakini gia zinalia kama zinatafunana

Mjomba Hamisi: Umebana sana. Legeza mota, ingiza kipande cha karatasi ya daftari katikati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota ibane karatasi, kaza, kisha zungusha karatasi itoke. Skrubu za mota tia gundi ya nyuzi tone moja, ni chuma kwa chuma. Kwenye plastiki usiitie, inaipasua

Idi: Imekaa. Inazunguka laini sasa

Mjomba Hamisi: Klachi nayo: shika matairi ya nyuma yote mawili, sukuma gia kubwa kwa kidole gumba. Iteleze, lakini kwa shida. Ikiteleza kirahisi kaza nati, isipoteleza kabisa legeza

Idi: Inateleza kwa shida. Nani anaendesha wa kwanza?

Baba Mkubwa: Hilo nalo ni swali?