Filamu za kwetu ziongee lugha gani? Mimi naanza

Wakuu, juzi tumebishana nyumbani mpaka chai ikapoa. Shemeji anasema filamu ya Afrika Mashariki ikiongea Kiswahili inaishia hapa hapa, ukitaka ifike mbali weka Kiingereza. Mimi nakataa. Sijasomea filamu, ni mtazamaji tu niliyekulia kibanda umiza, lakini nimeangalia za kutosha na hili linaniuma.

Chukua Nairobi Half Life ya 2012. Yule dogo Mwas katoka kijijini anataka kuwa muigizaji, anashuka tu mjini vibaka wanamkomba, polisi nao wanamzoa, analala selo. Kuna Sheng, ile lugha ya mtaani ya Nairobi, ilinipita kabisa, mimi mtu wa Dar nikawa nasoma sabutaito, lakini sikuchoka hata dakika moja maana ukimsikia Oti, yule kiongozi wa genge, anaongea unajua kabisa huyu mtu yupo, umeshapishana naye stendi. Mpe Kiingereza Oti uone kama kuna Oti anabaki.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, wengi wanalalamika inaenda taratibu, na kweli inaenda taratibu. Ila ni Zanzibar ya miaka ya 50, Yasmin kaozeshwa mzee, Denge anapambana na Mwingereza, mambo hayo yanataka utulie. Na si ndio hiyo hiyo ilionyeshwa tamasha la Toronto 2021 na Kiswahili chake? Hapo shemeji alinyamaza kidogo.

Sasa Queen of Katwe. Lupita aliyeigiza mama nampenda, kisa cha binti yake Phiona na chesi kilinitoa machozi kabisa. Lakini mama wa Katwe, Kampala, maisha yamembana, anamgombeza mwanae kwa Kiingereza? Mama akikasirika anarudi kwenye lugha aliyonyonyeshwa nayo, kila mtu analijua hilo kwao. Kila wakigombana mimi nilikuwa natoka kwenye filamu.

Black Panther nayo, Wakanda, ile nchi yao ya kubuni, wanasema ipo Afrika Mashariki halafu wanaongea Kixhosa! Nilikasirika, mpaka nikaja kujua ni John Kani, yule Msauzi aliyeigiza mfalme T'Chaka, ndiye aliyeleta wazo la Kixhosa walipokuwa wanatengeneza Captain America: Civil War ya 2016, maana ndio lugha yake. Nikamheshimu sana. Mzee kaitetea ya kwao mbele ya wenye hela, hakungoja aambiwe.

The Lion King ya 1994 wengi mnaipenda najua, mimi hapana. Simba, Rafiki, Pumbaa, wamechukua maneno yetu wakayanyunyiza kama chumvi kwenye chakula cha watu wengine, halafu hilo hakuna matata Disney wakalisajili Marekani 2003 kwa ajili ya fulana. Fulana jamani.

Halafu hii hoja ya soko sijaielewa bado, maana Parasite ni Kikorea na imechukua Oscar ya filamu bora 2020, na Sultan, tamthilia ya Waturuki, ilivyotiwa Kiswahili Azam TV nyumba nzima tulikuwa hatusemeshani ikianza.

Kwa hiyo anayesema Kiingereza ndio soko, anitajie filamu moja tu ya huku ambayo Kiswahili ndicho kiliiangusha, na aseme yeye mwenyewe aliiangalia wapi.