Kitabu gani cha uwekezaji nimpe binti yangu wa miaka 24?

Mama Tunu: Wakuu, salaam. Binti yangu kaanza kazi Dodoma. Mshahara ukiingia, wiki mbili umekwisha. Nikimtajia vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ananijibu "sawa mama", halafu kimya. Nataka nimpe kitabu, Kiingereza hakimsumbui. Nimebakiza vitatu: The Richest Man in Babylon, Rich Dad Poor Dad na The Intelligent Investor. Kipi?

Mzee wa Posta: The Intelligent Investor cha Graham kitoe leo hii. Ni cha 1949, na toleo lenye maelezo ya mwandishi Zweig lina kurasa zaidi ya 600. Kinamfaa anayetaka kuchambua hesabu za kampuni. Mimi nina hisa soko la Dar (DSE) na bado kimenishinda mara mbili. Kwa binti kitaishia kuwekewa sufuria ya chai juu.

Kibubu: Babylon, bila kufikiri. Ni hadithi fupi fupi, zilianza kama vijitabu vilivyogawiwa na mabenki ya Marekani miaka ya 1920. Somo lake: jiwekee sehemu ya kumi ya mshahara kabla hujatumia, basi.

Bi Mkubwa: Kibubu, wangu nilimpa hicho hicho. Kiingereza chake cha kizamani, akasema "mama, mbona kama Biblia?" Akaachia njiani. Rich Dad Poor Dad cha Kiyosaki alikimaliza kwa siku mbili, ila alipofunga ukurasa wa mwisho alikuwa anataka kukopa anunue nyumba. Mtu ana mshahara wa miezi minne!

Kijana wa Eastleigh: Mama Tunu, mbona hujataja The Simple Path to Wealth cha JL Collins? Kilitokana na barua alizomwandikia bintiye, ambaye hakutaka kushinda akiwaza pesa. Si ndiyo hali yako? Sura za akaunti za kustaafu ni za Marekani, aziruke tu. Na kama ni mwoga wa hasara, umfuatishie The Psychology of Money. Hisa za Safaricom ziliuzwa 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, mwaka uliofuata zikawa chini ya 3, watu wakauza kwa hofu. 2021 zilipita 40. Hapo hesabu haikusaidii, ni moyo.

Mama Tunu: Huyo Collins anasifia mfuko wa Vanguard, kampuni ya uwekezaji ya Marekani. Sisi huku tunashika nini?

Mzee wa Posta: Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza 2005, unachanganya hisa na hatifungani (yaani mikopo unayoikopesha serikali au kampuni kwa riba). Si kitu kile kile: wa Vanguard unafuata soko zima la Marekani, huu wasimamizi wanachagua cha kununua. Lakini anaanza na hela kidogo. Hatifungani za serikali kupitia Benki Kuu (BoT) zinadai milioni moja, hizo baadaye.

Mama Tunu: Haya, nimeagiza cha Collins. Cha Babeli nakisoma mwenyewe.

Bi Mkubwa: Na usimpigie kila Jumapili kumuuliza amefika ukurasa wa ngapi. Nakujua wewe.